Vidonge vya Rosalia

Mbagala, Jumatatu, 18 Machi 1974
Mvua imeanza saa tisa alasiri. Rosalia ana homa tangu jana. Amemeza klorokwini nne na kulala.

Jumatano, 20 Machi
Homa haikushuka. Asubuhi alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Aliniita Gregori. Gregori ni kaka yake, yuko Masasi.

Matar, mwenye duka linalotazamana na nyumba yetu, alileta pikapu yake kabla sijaomba. "Mlaze nyuma, Bwana Kasimiri, mie nitaendesha polepole." Hakuendesha polepole, na nilimshukuru kwa hilo.

Hospitalini tulipokewa na Daktari Kamugisha, kijana wa Bukoba, mwembamba, asiye na haraka. Alimbonyeza Rosalia ubavuni, nyuma, na Rosalia akapiga kelele. Alivuta damu akaitia katika chupa yenye maji ya rangi ya chai. Nikauliza ya nini.

"Nadhani kuna kitu kinaogelea humo, mzee. Tutakipa chakula kiote, tukione."

Wamemtundikia dripu. Dawa inaitwa kloramfenikoli. Homa nyuzi 40.1.

Ijumaa, 22 Machi
Kimeota. Daktari anasema mdudu alianzia kwenye figo na sasa yumo kwenye damu. Nikauliza watu wa namna hii hupona kwa kiasi gani. Akasema wengi wakiwahi, wachache wakichelewa. Nikauliza sisi tuko wapi. Akasema, "Katikati."

Jumamosi, 23 Machi
Miaka ishirini na mbili nimeandika habari za watu wengine katika madaftari ya kazi. Hili nimelianza kwa sababu jioni sina wa kumsomea. Kila habari yangu Rosalia huisikia kabla ya mhariri, na swali lake ni moja tu: "Nani kakwambia?" Nikishindwa kumjibu, nairudia.

Jumatatu, 25 Machi
39.2. Mama Anastasia, mama mkwe wangu, amehamia kwetu kutoka Keko ili apike na kupeleka uji wodini. Mhariri anataka niende Rufiji kuandika habari za watu wanaohamia vijiji vya ujamaa. Nimemwambia amtume mwingine. Hakubisha.

Nilimwuliza daktari lini Rosalia atarudi nyumbani. Akasema bado.

Jumanne, 26 Machi
38.0. Nimeuliza. Bado.

Jumatano, 27 Machi
37.4. Amekunywa uji kikombe kizima. Mkono wa kushoto ulipochomwa dripu umevimba na kuwa mwekundu kama uliopigwa na moto. Wamehamishia kulia. Nimeuliza. Bado kidogo.

Nyumbani nimekula ugali wa unga wa njano, nimesimama jikoni. Sioni sababu ya kutandika meza.

Ijumaa, 29 Machi
Nimefika wodini saa tano. Mkono wa kulia nao umevimba. Daktari Kamugisha alikuwa anausubiri ujio wangu, nadhani.

"Mzee Kasimiri, leo natoa dripu."

"Dawa imekwisha?"

"Dawa ipo. Natoa kwa sababu haihitaji tena kupita mshipani. Atameza."

"Stoo zimebaki chupa ngapi?"

Alinitazama. Nadhani si wengi humwuliza. "Kumi na moja. Na hata zingekuwa mia na kumi, ningetoa."

Nilimtaka aeleze, naye akaeleza vizuri kuliko mawaziri wengi. Siku tatu homa haijavuka 37.5. Anakula na hatapiki. Mkojo unatoka bila tabu, kwa hiyo figo haijaziba. Dawa nyingine zikimezwa hupotelea tumboni, na hizo asingempa. Hii huvuka ukuta wa utumbo ikaingia kwenye damu karibu yote. Halafu akagusa uvimbe wa mkono kwa ncha ya kidole.

"Juzi sindano hii ilikuwa inamwokoa. Leo ni mlango, mzee. Mdudu mwingine anaweza kuingia nao. Naufunga."

Kapsuli mbili kila baada ya saa sita: kumi na mbili alfajiri, sita mchana, kumi na mbili jioni, sita usiku. Siku tisa zaidi akishatoka wodini.

Sista Badriya, muuguzi wa zamu, alikuwa anafungua plasta. "Nyie waandishi mna maswali," alisema. "Wengine hawaulizi, wananuna tu. Ukimpa mtu kidonge anaona umemdharau. Sindano wanaipenda kama chumvi."

Rosalia alikuwa amefumba macho. Nilidhani kalala.

Nikauliza lini atarudi nyumbani. Daktari akasema akimaliza siku moja ya vidonge hapa bila kutapika, keshokutwa.

Jumamosi, 30 Machi
Hakutapika. Nimempelekea Gregori simu ya maandishi Masasi. Maneno sita: ROSALIA ATOKA HOSPITALI KESHO ATAMEZA VIDONGE. Kufupisha ni kazi yangu.

Jumapili, 31 Machi
Amerudi saa saba mchana na kapsuli sabini na mbili katika bahasha ya kaki. Kapsuli ni za rangi mbili, nusu nyeupe nusu ya kijivu. Matar alizima redio ya dukani mpaka tulipomwingiza ndani. Rosalia amekonda, pete imehamia kidole cha kati. Alisimama mlangoni akatazama sebule. "Umekula nini siku zote hizi?" Nikasema ugali. "Umesimama?" Nikasema ndiyo.

Analala chumbani na mama yake. Mimi niko kwenye kochi la sebuleni. Kwa adabu za kwetu kusini, mwanamume haingii chumba cha kulala alimo mama mkwe wake. Alfajiri na usiku Mama Anastasia hutoka kwenda uani nami nikaingia kumpa Rosalia dawa. Za mchana na jioni atampa mama, kwa kuwa mimi nakuwa kazini.

Jioni mama alinisemesha kutoka upande wa pili wa pazia, akiniita kwa jina la mwanetu Leonardi.

"Baba Leo, wamemwacha?"

"Hawakumwacha, mama. Wametoa dripu tu. Dawa ni ileile."

"Mtu wa kupona hutoka na sindano zake, akamalizie kliniki. Mtu wa kuachwa ndiye anayepewa vidonge, ili akafie kwao. Nimeona wengi."

Nilimweleza yote aliyoniambia daktari, kwa utaratibu, na chupa kumi na moja nikazitaja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema.

Haya ya mama mkwe si kukubali.

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua. 37.1.

Jumanne, 2 Aprili
Mvua. 37.0. Amekula changu wa kuchemsha. Nimemsomea habari ya ukurasa wa tatu kupitia pazia. Hakuuliza nani kaniambia. Mama yake ndiye aliyeuliza kama kuna habari za sukari.

Jumatano, 3 Aprili
37.3. Nilitamani kumsomea tena lakini alikuwa kalala, au amekaa kimya. Kutoka kwenye kochi nasikia anapogeuka.

Alhamisi, 4 Aprili
37.9. Nimehesabu kapsuli baada ya dozi ya jioni. Zimebaki thelathini na nane. Kwa ratiba ya daktari, ndizo zinazotakiwa kubaki. Basi homa hii itakuwa ya mvua, au ya uchovu.

Ijumaa, 5 Aprili
Nitaandika kwa mpangilio ulivyokuwa.

Mkutano niliotumwa kuuandika uliahirishwa kwa mvua. Nilifika nyumbani saa sita na dakika kumi. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, juu yake sufuria, ndani ya sufuria bomba la sindano linachemka. Kando yake ameketi Mzee Nikodemu. Mtaa mzima unamjua: alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika jeshi la Mwingereza kule Burma, na tangu arudi hachoki kuchoma watu.

Pazia la chumba lilikuwa limefunguliwa ili mwanga uingie. Rosalia ameketi kitandani, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele. Mama Anastasia amepiga magoti. Alishika kapsuli, akaivuta vipande viwili kama mtu anayebambua karanga, akaumimina unga wake mweupe juu ya kidonda cha dripu. Kisha ya pili. Maganda akayatia katika kifuu.

Niliingia chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na tatu kuingia mahali alipo mama mkwe wangu bila kubisha. Alijifunika uso kwa kanga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jumatatu," Rosalia akasema.

Kila dozi ya mchana na kila dozi ya jioni. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Kapsuli zilitoka kwenye bahasha kwa wakati wake, ila nusu yake haikufika tumboni. Nilimtia kipimajoto: 38.8.

"Mama," nikasema, "hii ni ya kumeza."

"Kwani ugonjwa uliingilia wapi?" alisema kutoka ndani ya kanga. "Si hapa walipomtoboa? Kabla hawajamtoboa alikuwa na kidonda? Leonardi alipojikata kwa jembe tulimponya kwa unga wa kapsuli za rangi mbili, na wewe ulikuwepo, ukanisifu. Ya damu ni sindano. Ndiyo nimemwita Nikodemu."

Nilikuwepo. Nilimsifu. Leonardi sasa yuko Jeshi la Kujenga Taifa, na kovu lake ni safi.

Nikatoka kwenda uani. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza Nikodemu. Alisimama akanipa kichupa kabla sijafungua mdomo.

"Soma mwenyewe, Bwana Kasimiri. Vitamini. Ile nyekundu. Mama alitaka ya damu, mie nikaona nyekundu itamtuliza roho. Nimewaambia dawa za hospitali wasiache. Wakasema hawajaacha."

"Na leo?"

"Leo nimemshika paji, nikaona moto. Nilikuwa nangoja nimalize kuchemsha nimwambie mama hii sichomi, mrudisheni. Lakini kazi nimeitiwa, siwezi kuondoka sijachemsha."

Alimimina maji, akafunga bomba lake katika kitambaa, akaenda. Nimemdharau mtu yule miaka minane.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele. Nilimpa Rosalia kapsuli mbili na maji. Hakuzipokea.

"Baba Leo, ulimwuliza daktari mara ngapi nitarudi lini?"

"Kila siku."

"Nilikuwa nasikia. Nilifumba macho, masikio sikuyafumba. Mtu akiulizwa kila siku, iko siku atasema kesho ili apumzike."

"Alikuwa na sababu zake. Nilimhoji."

"Na wewe ulikuwa na yako. Ulimwuliza chupa ngapi, sawa. Ulimwuliza itakuwaje homa ikirudi? Ulimwuliza wangapi walitoka na vidonge wakarudi?"

Sikuwa nimeuliza.

"Ningekuletea habari kama hiyo, usingeniuliza nani kakwambia?" akasema. "Mie sikumkataza mama kwa sababu niliona bora niamini unga wa mama kuliko hamu yako. Sitaki kufa kwa sababu mume wangu kachoka kula amesimama."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyonisahihisha jina la mtu.

Vijana wanaoanza kazi huwa nawaambia wajihadhari na habari wanayoitaka iwe kweli. Niliitaka hii iwe kweli, nikaihoji upande mmoja. Daktari hakunidanganya. Hata hivyo mke wangu ana haki ya kutoniamini.

Nikamwambia, "Nitakurudisha wodini. Ukitaka kukaa mwezi, kaa mwezi."

"Bila kuuliza lini?"

"Bila kuuliza lini."

Kisha akapokea kapsuli akazimeza, moja moja, akinitazama.

Matar ametoka kuangalia barabara. Maji ya Mto Kizinga yamepanda daraja la Mtoni, magari hayapiti. Tutangoja asubuhi. Jioni nimempa tena. 39.0.

Jumamosi, 6 Aprili
Daraja lilifunguliwa saa mbili. Matar alituvusha, maji yakigusa magurudumu nusu. Mama Anastasia alikaa nyuma na Rosalia, hajasema neno tangu jana.

Nilimweleza daktari kila kitu, na kifuu chenye maganda nikamwonyesha. Hakucheka wala hakukasirika. Alivuta damu upya.

Rosalia akadai dripu.

"Mama Leo, dawa haikushindwa. Haikufika," daktari alimwambia. "Mishipa miwili imeharibika. Nikitoboa wa tatu nitakuwa nakufurahisha, sikutibu. Moyo wako uko imara, unameza, hutapiki. Nipe siku mbili za vidonge kamili hapahapa mbele ya Sista Badriya. Homa isiposhuka nitatundika dripu kwa mkono wangu, na mzee huyu aandike gazetini kwamba Kamugisha alikosea."

Rosalia alinitazama.

"Siku mbili," akasema.

Ndipo Mama Anastasia alipozungumza, amempa daktari ubavu. "Mwanangu, kama dawa inapita tumboni, njia ya damu inaijuaje?"

"Ugali unaijuaje, mama? Unakula kwa mdomo, kesho una nguvu mkononi ya kulima. Nani aliupeleka mkononi?"

Mama aliufungua ushungi wake, akaufunga upya.

"Hilo ungelisema mwanzo," akasema.

Nilikaa mpaka jioni. Sikuuliza.

Jumapili, 7 Aprili
38.6 asubuhi, 38.3 jioni. Sikuuliza.

Jumatatu, 8 Aprili
Nimefika saa kumi na mbili u nusu asubuhi, siku ya pili ikimalizika. Nimesimama nje ya mlango wa wodi kwa dakika kama tano kabla ya kuingia. Sista Badriya alikuja na kipimajoto mkononi, hakunipa, akanionyesha tu kwa mbali kama mtu anayeonyesha samaki.

37.2.

Rosalia alisema, "Nitabaki hapa mpaka kidonge cha mwisho." Daktari anataka siku kumi na nne, ameanza kuhesabu upya tangu Jumamosi. Nikasema vema. Sikuuliza.

Jumanne, 9 Aprili
Damu ya Jumamosi haijaota kitu. Daktari atangoja siku zaidi kabla ya kusema ni safi. Sikwenda wodini, kazi zilizidi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sijui nizungumze nini nikikaa pale, ikiwa neno moja nililo nalo nimeahidi kutolisema.

Jumatano, 10 Aprili
Nilitumwa Kibamba kutoka alfajiri, kuandika habari za kipande cha Barabara ya Morogoro kilichozolewa na maji. Wodini sikupita. Nilishuka basi Mbagala saa kumi alasiri. Nilipofika pembeni mwa duka la Matar nikasikia kilio, na kilikuwa kinatoka uani kwangu.

Mabenchi ya duka yalikuwa mbele ya nyumba yangu, wanaume wameketi. Viatu vimejaa kwenye kizingiti cha ua. Hayat, mke wa Matar, alikuwa anavuka na ndoo ya maji. Matar akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Bwana Kasimiri. Ungetuambia."

Kutoka duka la Matar hadi mlango wangu ni hatua thelathini na moja. Kwa hatua hizo zote niliamini. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba jana sikumwona, na kwamba dozi ya saa sita mchana imeshapita.

Mlangoni mwanamume alinyanyuka. Alikuwa Gregori, kaka wa Rosalia, amevaa koti lenye maji.

"Shemeji," akasema, "ndiyo mmezika bila sie?"

Neno lile *mmezika* lilinizindua. Sijamzika mtu. Nikaanza kuuliza kama kazini, nimesimama palepale. Hayat aliambiwa na nani? Matar. Matar aliambiwa na nani?

"Nilisikia kilio, bwana. Kilio hakiulizwi."

Kilio cha nani? Cha Mauwa, shangazi yake Rosalia, aliyekuja na Gregori na wanawake wengine watatu wa Masasi kwa meli ya Mtwara asubuhi hii. Mauwa aliambiwa na nani? Gregori. Na Gregori?

Gregori alitia mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wewe."

ROSALIA ATOKA HOSPITALI KESHO ATAMEZA VIDONGE.

"Mtu katolewa hospitali kwa vidonge, shemeji, sie tulielewa. Barabara imefungwa na maji, tukangoja meli. Tumefika, nyumba imefungwa, mama hayupo, wewe hupo. Mauwa akaangua kilio. Sasa wewe ungefanyaje?"

Ningelia, nadhani. Nilisema tu kwamba Rosalia yuko wodini, na kwamba mpaka juzi asubuhi alikuwa hai kwa ushahidi wangu mwenyewe. Juzi, si leo. Hakuna aliyekuwa uani mle aliyetoka hospitali leo. Matar akaenda kuwasha pikapu.

Rosalia alikuwa ameketi kitandani anamenya chungwa. Mama Anastasia kasimama kando na kikombe cha maji, anatazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado dakika ishirini kufika saa kumi na mbili. Mauwa alipomwona Rosalia alikaa sakafuni.

"Mna nini?" Rosalia akauliza. "Mnamlilia nani?"

"Wewe," Gregori akasema.

"Nani kawaambia?"

Wote wakanigeukia. Alicheka mpaka akashika ubavu wa figo. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Alinyoosha mkono, ule wa kushoto wenye kidonda, akanipa kipande cha chungwa mbele ya kaka yake na mama yake. Nilikila. Sikuuliza.

Ijumaa, 12 Aprili
Ijumaa Kuu. Nyumba ina watu watano wa Masasi. Walitaka kurudi, meli hakuna mpaka tarehe 27. Damu ni safi. Daktari ameisema mbele ya Mama Anastasia kwanza, kisha mbele yangu.

Jumapili, 14 Aprili
Pasaka. Mvua. 36.8. Sista Badriya anasema akipata akina mama wawili kama Mama Anastasia ataomba likizo. Mama anawaamsha na wagonjwa wengine kwa dozi zao.

Nimemwomba mama radhi kwa kuingia chumbani siku ile. Akasema, kutoka nyuma ya mlango wa wodi, "Uliingia kwa mkeo. Mie nilijifunika tu." Nilidhani mkaidi. Ni mtu anayetaka aelezwe, kama mimi.

Jumanne, 16 Aprili
36.9. Wamepima hesabu ya damu, kwa kuwa dawa hii huweza kuipunguza. Haikupungua. Sikuuliza.

Alhamisi, 18 Aprili
Tulikaa nusu saa bila kuzungumza. Sikuona ni muda mrefu.

Ijumaa, 19 Aprili
Nilimsomea habari ya Kibamba iliyotoka wiki iliyopita. Alipata kosa katika aya ya nne. Nimeandika daraja ambapo ni kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nikalisahihisha kwa kalamu ingawa gazeti limeshauzwa.

Alilichukua gazeti, akalikunja. "Mbona huulizi siku hizi?"

"Niliahidi."

"Niulize."

"Lini?"

"Kesho, saa sita. Nikimeza cha mwisho."

Jumamosi, 20 Aprili
Saa sita kamili alimeza cha mwisho. Mama alimpa maji, Badriya akatia alama, daktari alikuwa na mgonjwa mwingine akatupungia mkono kupitia dirishani.

Amerudi nyumbani, analala chumbani na mama yake na Shangazi Mauwa na wale wanawake wengine watatu. Kwenye kochi tuko wawili, mimi na Gregori, miguu kwa kichwa.

Jumatano, 24 Aprili
Watu wanane katika nyumba ya vyumba viwili. Rosalia anapika kidogo. Tumepishana jikoni mara tatu leo. Mara zote kulikuwa na mtu anayetafuta kisu.

Ijumaa, 26 Aprili
Miaka kumi ya Muungano. Nimeandika uwanjani kutwa. Niliporudi alikuwa ameniwekea chakula mezani, kimefunikwa, na Gregori alikuwa amekifunua, anakila.

Jumamosi, 27 Aprili
Mvua imepumzika. Tumewasindikiza bandarini na pikapu ya Matar. Mama Anastasia tumemshusha Keko njiani. Alisema ana shamba la mchicha limezama. Gregori aliniambia, "Shemeji, siku nyingine andika maneno kumi." Meli iliondoka saa nne.

Tulifika nyumbani saa sita mchana. Mtaani kwetu mlango wa mbele haufungwi mchana ila kukiwa na msiba, na Hayat alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, anatuona. Rosalia aliingia, akavua viatu, akarudi mlangoni. Alimsalimu Hayat kwa jina, akaufunga mlango, akasukuma komeo.